Barua Kumi na Tisa Ambazo Hazikuvuka Mpaka

Mtaani kwetu Tunduma mimi ndiye mwandishi wa barua za posa. Sikuiomba kazi hiyo. Nafundisha Kiswahili shule ya msingi, mwandiko wangu unasomeka, na watu wa huku wanaona barua ya kuomba binti ikichapwa kwa kompyuta inafanana na karatasi za mizigo za kule forodhani. Basi wanakuja na karatasi nyeupe na bahasha, wanakaa sebuleni, wanakohoa kidogo, wanasema, "Mwalimu, tusaidie." Nawasaidia. Nimeandika za kuomba, za kukubali, na mbili za kukataa kwa adabu. Kwa hiyo barua ya posa ya binti yangu mwenyewe ilipofika, hakuna aliyeuliza nani ataijibu.

Ililetwa na mshenga kutoka Itumba, mzee mpole aliyevaa koti kwenye jua kali. Kijana wao ni fundi umeme wa magari hapa mjini. Binti yangu yuko kwenye ofisi ya mawakala wa forodha, anashinda na makaratasi ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Walikutana kwa sababu ya lori lililogoma kuwaka katikati ya foleni. Yule kijana namkubali. Ana heshima na hasemi sana, jambo ambalo kwangu ni sifa.

Baba yangu alishafariki, kwa hiyo aliyeipokea barua ni baba yangu mdogo, ambaye amebaki na mji wetu kule Mbozi kwenye kahawa. Alinipigia simu akasema barua ni nzuri, tuijibu ndani ya wiki mbili, tuwataje wazazi wa binti, na wageni waje kukaa nasi Mbozi Jumamosi ya mwisho wa wiki hizo.

"Taratibu si unazijua, mwanangu," akasema.

Nilizijua. Kwenye barua ya majibu, mstari wa tatu ndipo wanapotajwa baba na mama wa binti.

Jioni ile binti yangu alikuwa jikoni anakata kabichi. Hakugeuka aliposema.

"Mama, kwenye sehemu ya baba andika marehemu."

"Baba yako hajafa."

"Nimeshawaambia amekufa. Mwenzangu anajua hivyo, na mama yake anajua hivyo. Ulitaka niwaambie nini? Kwamba alitutupa hata kabla sijazaliwa, akavuka mpaka, akasahau?"

Maneno yale yalikuwa yangu. Alitutupa, akavuka mpaka, akasahau. Nilimlisha tangu ana miaka sita, kwa mpangilio huohuo, na sasa ananirudishia bila kukosea hata neno moja. Nikasema sawa, nitaandika, nikatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado hazijakauka.

Hapa sina budi kueleza habari za kaunta buku langu. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilijiunga na darasa la uandishi la Jumamosi mchana, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule. Aliyeliongoza ni mwalimu mstaafu, mama mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye sote tulimwita Bibi Mwalimu. Tulikuwa watu sita, wakiwemo nesi, mbadili fedha wa pale mpakani na mke wa mchungaji. Zoezi lake la kwanza, ambalo kwa kweli ndilo lilikuwa darasa lenyewe, ni barua isiyotumwa. Chagua mtu mmoja. Mwandikie kila wiki. Usifute, usipambe, usiwaze atajibu nini, maana hataisoma.

"Barua ya kutuma unamwandikia mwenzako," alisema. "Hii unamwandikia nani, tutaona huko mbele."

Mbadili fedha alimwandikia kaka yake. Mke wa mchungaji hakusema anamwandikia nani, nasi hatukumchokonoa. Mimi nilimwandikia mtu wa Isoka, ng'ambo ya mpaka, baba wa mtoto wangu.

Nililifurahia zoezi lile kupita kiasi, sifichi. Niliandika barua kumi na tisa. Nilimpa majina ambayo ni mwalimu wa Kiswahili tu anayeweza kuyapanga yakapendeza. Nilimweleza homa za mtoto, foleni za zahanati, siku ya kwanza ya shule alipong'ang'ania sketi yangu mbele ya wanafunzi wangu. Kila aya niliimaliza kwa kumuuliza alikuwa wapi. Nikifunga kaunta buku nilikuwa natembea kwenda nyumbani, katikati ya malori na bodaboda, na raha ya mtu aliyeshinda kesi ambayo mshtakiwa hakuitwa.

Zoezi lilikuwa na sehemu ya pili, na hiyo niliikwepa. Baada ya miezi kadhaa unazirudia barua zako na kalamu nyekundu, unapigia mstari kila sentensi ambayo unajua moyoni si kweli. Wenzangu walifanya. Nesi alilia. Mbadili fedha alicheka peke yake, kisha akatoka nje na hakurudi siku hiyo. Mimi nilimwambia Bibi Mwalimu kwamba zangu hazina la kusahihisha.

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe ukikuta daftari la mwanafunzi halina hata kosa moja, huwa unafikiri nini?"

"Kwamba amenakili."

"Haya," akasema, akamgeukia mwingine.

Nilinuna wiki nzima. Nikasema mama huyu amezeeka, hana adabu. Lakini kalamu nyekundu zilikuwa tele mezani kwangu shuleni, na tangu siku ile nilikuwa nasahihisha madaftari ya watoto huku naliona kaunta buku langu kwenye mkoba, nalipa kisogo.

Siku ya tatu baada ya barua kutoka Itumba, watoto walipotoka, nilibaki darasani peke yangu kuandika majibu. Salamu zilitiririka. Shukrani za kuletewa ujumbe zilitiririka. Nikafika mstari wa tatu. Nikaandika "binti wa marehemu," mkono ukasimama. Nikachana karatasi. Nikaanza upya, nikafika palepale, nikachana tena. Nilipochana ya nne nilijikasirikia. Mtu niliyemtukana mara kumi na tisa, leo nashindwa kumzika kwa neno moja?

Ndipo nikatoa kaunta buku na kalamu nyekundu. Nilijiambia nataka tu kujipandisha hasira, ili niandike lile neno niondoke. Nikafungua barua ya kwanza. Sentensi ya kwanza kabisa ilikuwa, "Ulituacha." Nikaisoma kama ninavyosoma kazi ya mwanafunzi, kalamu ikiwa hewani. Kalamu ikashuka. Ikapiga mstari.

Maana yule mtu hakutuacha.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita, nangoja kwenda chuo cha ualimu. Nilikuwa namsaidia shangazi kuuza maharage sokoni Tunduma, na yule mtu alikuwa anavuka na wenzake kuja kununua. Mnamwanga wa upande wa pili, mrefu, mwenye kumsalimia kila mtu "mulishani mukwai," hata watoto wadogo. Mimba ilipojulikana hakukimbia. Alikuja Mbozi kwa basi, na wajomba zake wawili, wamebeba jembe jipya lisilo na mpini, limefungwa kwenye gazeti, kama ilivyotakiwa kwa kijana aliyempa binti mimba kabla ya kumposa.

Jana yake baba aliniita kwenye vichanja tukageuze kahawa. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwa mtu wa kupiga wala kufoka. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba kesho wageni wataingia, nitaitwa, nitaulizwa swali moja. Nikisema nawafahamu, nitaondoka nao siku hiyohiyo, na habari za chuo zimekwisha. Nikisema siwafahamu, mtoto atalelewa na mama yangu, mimi nitasoma. "Uamuzi ni wako," akasema, mikono yake ikiendelea kutawanya kahawa.

Swali lenyewe kila mtu wa huku analijua. Wageni wakishakaa, binti anaitwa, anapiga magoti, anaulizwa mbele ya wote kama watu hawa anawafahamu. Akikubali, mazungumzo yanaanza. Akikataa, wageni wanakusanya walivyokuja navyo wanaondoka, na hapana mjadala. Limewekwa kumlinda binti, asichukuliwe na watu asiowataka. Aliyeniuliza alikuwa baba mdogo.

"Binti, wageni hawa unawafahamu?"

Nilimtazama yule mtu. Alikuwa ananitabasamia kidogo, ametulia kwenye benchi kama aliyekwisha kufika kwake. Tumbo langu lilionekana wazi chini ya khanga.

"Siwafahamu."

Mjomba wake mmoja akageuza sikio, akidhani hakusikia vizuri. Baba mdogo akarudia swali, maana huulizwa mara mbili. Nikarudia jibu. Jembe likafungwa tena kwenye gazeti lake. Wajomba walisimama, wakaaga kwa heshima kuliko tulivyostahili. Yeye alikuwa wa mwisho kunyanyuka.

Mtoto alipofikisha miezi mitatu yule mtu alikuja tena, peke yake, akasimama barabarani. Nilimwona nikiwa katikati ya miti ya kahawa. Nikainama. Aliacha blanketi la kijani kwa jirani, akaondoka. Binti yangu alilala kwenye blanketi hilo mpaka alipoanza shule, na siku zote alijua limetoka kwa babu yake.

Nyumbani walijua. Walinyamaza kwa sababu ilikuwa aibu ya baba, baadaye ikawa aibu yangu, na baba na mama walipofariki mambo yakafunikwa moja kwa moja. Na mimi sitaki kujisafisha hapa. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeliweka mahali nisipopita, na ili nisipite huko ilibidi kila siku nimlaumu yeye. Nilikichagua chuo. Huenda leo ningekichagua tena, sijui. Lakini nilichagua, hakuna aliyenitupa.

Barua zote kumi na tisa zilikuwa na ile sentensi. Nyingine mara tatu. Nilipiga mistari mpaka mlinzi wa shule akaja kuuliza kama nafunga darasa au nalala humo.

Barua ya ishirini niliiandika kwenye karatasi ya posa, ile nyeupe nzito. Haikuanza na mtu wa Isoka. Ilianza na "Mwanangu." Niliandika yote, jembe, swali, jibu, blanketi, kisha nikaitia kwenye bahasha na kuifunga kwa ulimi kabla sijabadili mawazo. Nilikaa nayo siku mbili. Mtu anayeishi na barua ya namna ile ndani ya mkoba hali chakula kikashuka. Kila binti yangu alipofungua mdomo moyo ulinipasuka, kumbe anaomba chumvi.

Jumamosi mchana nikapiga moyo konde, nikamwekea mezani.

"Ndiyo majibu ya Itumba?" akauliza.

"Hapana. Hiyo ni yako."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwangu."

Akacheka. "Mama, si tunaishi nyumba moja?"

Nikasema naenda dukani mara moja, asome taratibu. Nilikwishavaa kandambili. Nadhani ni uso wangu uliomfanya aache kucheka. Aliigeuza ile bahasha, akaiona imefungwa vizuri kama za watu, akairudisha upande wangu wa meza.

"Ngoja kwanza. Wewe mwenyewe ndiye unayewafundisha watu. Barua haiachwi mlangoni. Aliyeileta anakaa chini, inasomwa naye akiwepo. Kaa, mama. Ifungue. Soma."

Nimesoma barua za watu mbele ya wazee wakali, sijawahi kukwama. Siku ile nilikwama kwenye mstari wa pili. Niliisoma yote kwa sababu aliniangalia hivyo, bila kupepesa, na kila niliponyanyua macho kutafuta pa kupumzikia nilimkuta. Nilipofika kwenye "Siwafahamu" alinyoosha mkono kama anayetaka kunisimamisha, kisha akaushusha. Nikamaliza. Nje kulikuwa na honi za malori kama kila siku.

"Mimi nilikuwa tumboni?" akauliza.

"Ndiyo."

"Naonekana?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo na mimi ulisema hunifahamu."

Nililia, na sikuona aibu kulia, lakini hakuja kunishika, na sikumtegemea aje.

"Na lile blanketi la kijani?"

"La kwake."

Akaingia chumbani. Nikasikia zipu ya begi. Alipotoka aliuliza Isoka sehemu gani, nikamwambia ana mashine ya kusaga karibu na stendi ya mabasi. Niliwahi kuambiwa na dereva mmoja wa lori, miaka mingi iliyopita. Nilipoyasema hayo nikaona nimejichongea mara ya pili.

"Kumbe na anapokaa ulikuwa unapajua," akasema. Akavuka mpaka siku hiyohiyo.

Alikaa huko siku tano. Simu yake iliita bila kupokelewa. Yule kijana wake, aliponiona nimekonda, aliniambia ameandikiwa ujumbe mmoja tu: "Niko salama, usiniulize." Wiki mbili zilikuwa zinaisha na baba mdogo alikuwa anapiga kila asubuhi kuuliza barua imefikia wapi. Ningeweza kungoja. Ningeweza kuandika vilevile alivyotaka binti, nikafuata upepo. Lakini kalamu ilikwishaharibika, haikukubali tena. Kwenye mstari wa tatu niliandika kwamba baba wa binti yupo hai na anaishi Isoka, nikaikabidhi kwa mshenga kabla hata sijajua kama huyo baba ataonekana, au kama binti mwenyewe atarudi.

Kesho yake mshenga alipiga. "Mwalimu, pole na kazi. Hapa kwenye barua nadhani pameingia kosa. Sisi tuliambiwa baba ni marehemu."

"Hakuna kosa."

"Hakuna kosa," akarudia polepole. Nilisikia watu wengine nyuma yake wakinong'ona. "Basi wazee wanasema tutakuja tumwone. Maana kama binti alisema vingine na barua inasema vingine, mwalimu, unaelewa, watu watauliza na mengine."

Nilielewa. Kama yule mtu asingekuja, mwanangu angeonekana mwongo kwa watu ambao hata hawajamwoa, na uongo wenyewe ni wangu. Nilifundisha wiki ile sijui nilifundisha nini. Watoto waliandika insha wakaniletea, nami nilishindwa kushika kalamu nyekundu, nikawapigia vyema vya bluu.

Binti yangu alirudi Alhamisi mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikunywa maji amesimama.

"Ana mke. Nina wadogo zangu wawili, wa kiume," akasema. "Wa kwanza tumefanana masikio."

Nikamwongezea maji.

"Aliponiona hakuuliza mimi ni nani. Alizima mashine." Akaweka kikombe. "Kitu cha kwanza alichouliza ni kama babu ameruhusu. Mama, alikuwa hajui babu amekufa. Miaka yote hii anangoja babu aruhusu."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia babu hayupo. Akasema, 'Sasa nani atamuuliza mama yako?'"

Nilikaa chini.

"Atakuja Jumamosi," akaendelea. "Ila hatakaa. Amesema pale kwenu alishaambiwa hafahamiki, na mtu asiyefahamika hakai kwenye kiti cha watu. Anataka uulizwe upya. Mbele za watu, kama mara ile."

"Wewe unataka nini?"

"Mimi nataka nijue utasema nini," akajibu, akaenda kuoga. Maneno mengine hatukuongea mpaka siku yenyewe.

Baba mdogo alishtuka nilipomweleza. Akasema tuyamalize kifamilia, asubuhi na mapema, kabla wageni wa Itumba hawajafika, halafu yule bwana akae na mambo yaendelee kama kawaida. Nilimshukuru kwa moyo wote. Ilikuwa njia ya kistaarabu, na niliishika kama mtu anayezama.

Lakini watu wa Itumba waliwahi. Saa nne walikwishakaa kwenye mabenchi pale Mbozi, mshenga na koti lake, wazee watatu, na mama wa kijana mwenye chupa ya soda mkononi. Mtu wa Isoka alichelewa mpakani. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake nikichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Nikamsikia baba mdogo anatambulisha watu wetu, mmoja baada ya mwingine, anavuta maneno, ananunua muda. Kisha akanyamaza. Nikachungulia.

Alikuwa amesimama mlangoni. Nywele zimeingia mvi, suti ya kahawia imembana mabegani, kofia ameishika kwa mikono miwili. Mtu mmoja akampisha kwenye benchi. Akatikisa kichwa.

"Karibu ukae, bwana," akasema baba mdogo, na sauti yake haikuwa na nguvu.

"Natotela, mzee. Nashukuru," akasema. "Lakini mimi nilishafika hapa siku moja. Jibu mlilonipa, mzee, unalikumbuka. Na wewe ndiye uliyeuliza. Sina ugomvi. Ila siwezi kukaa."

Mama wa kijana akaweka chupa ya soda chini. Mshenga akawatazama wazee wake. Wakati huo ningeweza kupita mlango wa nyuma, nikaingia kwenye kahawa kama nilivyofanya zamani. Miti ilikuwa hatua kumi. Sitajidai kwamba sikuitazama.

"Aitwe binti," akasema baba mdogo.

Dada mmoja akaanza kuelekea chumba alimokuwa mwanangu. "Siyo huyo," baba mdogo akasema. "Binti yetu. Mwalimu."

Nikafuta mikono, nikaingia. Nilipiga magoti kwenye sakafu ileile, na safari hii magoti yalilia mpaka yakasikika. Nina miaka arobaini na tano. Nimefundisha watoto wa watu zaidi ya miaka ishirini. Nyuma ya pazia la chumba niliona miguu ya binti yangu.

"Binti," akasema baba mdogo, "mgeni huyu unamfahamu?"

"Namfahamu," nikasema. "Na siku ile nilimfahamu. Nilisema uongo."

Kofia ilikuwa inazunguka kwenye vidole vya mgeni, ikasimama. Baba mdogo akarudia swali, maana huulizwa mara mbili.

"Mgeni huyu, unamfahamu?"

"Namfahamu. Ni baba wa mtoto wangu."

Mwanangu alikuwa bado hajaitwa. Kwa taratibu hakupaswa kuonekana kabla ya wakati wake, na wakwe zake walikuwa wanatazama. Alitoka nyuma ya pazia amebeba kiti cha chumbani, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akakiweka nyuma ya baba yake. Akakishikilia kwa mikono miwili mpaka baba alipokaa.